Kompyuta haiwaki, inazima au inanata: kagua haya kabla ya kuipeleka kwa fundi

Umeme ukikatika usiku kule Pasua au Majengo na kurudi alfajiri, najua siku yangu itakavyoanza. Kabla ya saa tatu asubuhi meza yangu, jirani na Soko la Mbuyuni hapa Moshi, imeshapokea laptopu tatu au nne, na kila anayeileta anasema neno lilelile: "Fundi, imekufa." Nyingi hazijafa. Fyuzi ya plagi imekatika, au chaja imeungua, au mashine imegoma tu na inahitaji kuondolewa umeme uliobaki ndani. Mtu amelipa bodaboda kutoka Kiboriloni kwa tatizo ambalo angelimaliza sebuleni kwake kwa dakika tano.

Kuna kundi jingine, na hilo linaniuma zaidi. Mwalimu mmoja aliniletea mashine ambayo diski yake ngumu (hadi diski), panapokaa mafaili yote, ilikuwa ikigonga. Alikuwa amewasha na kuzima kwa wiki nzima akitumaini itakaa sawa. Ndani kulikuwa na picha za mama yake aliyekwisha fariki, na hakukuwa na nakala nyingine popote. Hatukuokoa hata moja. Siku ya kwanza aliposikia ile sauti, kama angezima na kuacha, huenda tungepata nyingi.

Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa dalili zinazoletwa mezani kwangu kila wiki. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokiona mara nyingi zaidi, kisha vile vya nadra. Penye neno SIMAMA, simama kweli. Na siku zote badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, mashine ikipona hutajua ilikuwa inaumwa nini.

Haiwaki kabisa: hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti

Anza ukutani, maana mashine yenyewe ndiyo ya mwisho kushukiwa. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inaleta umeme. Ukiwa unatumia ekstensheni, iondoe, uchomeke moja kwa moja ukutani. Ekstensheni za bei ya chini zina vyuma vyepesi ndani; baada ya miezi kadhaa hulegea, plagi inakaa lakini haigusi vizuri. Ukisikia mlio wa kukaanga au ukiona plastiki imegeuka rangi ya kahawia, hiyo ekstensheni usiitumie tena, hata kwa simu.

Cha pili ni fyuzi. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndogo ndani, ya 3A, 5A au 13A, namba imeandikwa kwenye fyuzi yenyewe. Umeme ukirudi kwa kishindo, mara nyingi ndiyo inayojitoa mhanga. Chomoa plagi, fungua kwa bisibisi, weka fyuzi nyingine ya namba ileile. Nimefungua plagi nyingi nikakuta karatasi ya sigara ya rangi ya fedha imeviringishwa mahali pa fyuzi. Tafadhali usifanye hivyo. Siku ya hitilafu, kitu cha kuungua hakitakuwa tena fyuzi ya bei ndogo, kitakuwa waya wa nyumba.

Cha tatu ni waya unaotoka ukutani kwenda kwenye lile tofali la chaja. Huo unatoka, ni wa matundu matatu na unafanana kwa laptopu nyingi. Azima wa jirani, jaribu. Watu wengi wamenunua chaja nzima kumbe ni huo waya tu uliokatika ndani pale unapopindwa.

Cha nne ni chaja yenyewe. Kama ina taa, angalia: ikiwaka chaja ikiwa peke yake, kisha ikazima mara unapoichomeka kwenye laptopu, kuna mambo mawili. Ama chaja imechoka na haiwezi kubeba mzigo, ama ndani ya laptopu kuna shoti. Chaja ya kuazima itakupa jibu, lakini soma maandishi kabla hujaichomeka. Volti lazima zilingane: laptopu ya 19V inataka 19V. Ampea zinaweza kuzidi zile za chaja yako, zisipungue. Na tundu likiwa linaingia haimaanishi ni lenyewe. Vichwa vinavyofanana vina volti tofauti.

Ikiwa yote hayo ni mazima, fanya hili: chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Unamaliza umeme uliobaki kwenye saketi, ambao wakati mwingine huiacha mashine katikati, haijawaka wala haijazima. Rudisha chaja peke yake bila betri, washa. Naomba usiipuuze hatua hii kwa kuwa ni rahisi. Asubuhi za baada ya umeme kukatika, hii ndiyo inayorudisha mashine nyingi mezani kwangu.

Kwa kompyuta ya mezani ongeza mambo mawili. Nyuma kuna swichi yenye alama za I na O, watoto huibonyeza. Na kwenye mashine za zamani, hasa zilizokuja mtumba kutoka Marekani, kuna kiswichi kidogo chekundu chenye namba 115 na 230. Hapa kwetu umeme ni 230V. Kikiwa kwenye 115 ukawasha, utasikia mlipuko mmoja na moshi, na pawasaplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme, imekwisha. Kabla ya kuwasha mashine ya namna hiyo kwa mara ya kwanza, kiangalie.

Huko vijiji vya juu, Kibosho au Marangu, nyumba ikiwa mbali na transfoma kuna suala la umeme mdogo jioni: balbu inafifia, jiko halipati moto. Chaja za laptopu karibu zote zimeandikwa 100–240V, kwa hiyo zitavumilia. Kompyuta ya mezani inaweza isiwake au iwake na kuzima. Jaribu usiku wa manane au asubuhi kabla hujaitangaza kuwa mbovu.

SIMAMA hapa: kama umesikia harufu ya kuungua, kama pawasaplai imelipuka, au kama ukigusa boksi la chuma unapigwa shoti. Pawasaplai usiifungue hata ikiwa imechomolewa. Ndani kuna kapasita zinazotunza umeme wa hatari baada ya kuchomoa. Ile hali ya kusikia mwasho mwembamba mkononi ukigusa laptopu ya chuma inayochajiwa mara nyingi hutokana na kukosa ethi (waya wa ardhini), hasa pale plagi ya pini tatu ilipolazimishwa kwenye kibadilishi cha pini mbili. Shoti kamili ni jambo jingine. Hilo si la fundi kompyuta tena, mwite fundi umeme aangalie nyumba.

Na kwa kuwa umeme ndio mama wa matatizo haya: ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri kama dakika tano utulie ndipo uchomeke, maana mafriji na pampu za mtaa mzima huwa zinaanza kwa pamoja. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, ukisikia radi inakaribia chomoa pia waya wa intaneti na waya wa antena kama vimeunganishwa. Radi haichagui waya. Mwenye kompyuta ya mezani ajitahidi awe na UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda ukikatika, lakini printa ya leza asiichomeke kwenye UPS hiyo. Printa hizo huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kuizidia.

Taa zinawaka, feni linazunguka, skrini ni nyeusi

Hapa mashine iko hai. Swali ni kama inafikiri lakini haionyeshi, au haifikiri kabisa. Bonyeza kitufe cha herufi kubwa, Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine inafanya kazi na tatizo ni la kuonyesha tu.

Ikiwa inafanya kazi: kwanza mwanga wa skrini unaweza kuwa umeshushwa hadi chini, hasa kama mtoto amechezea vitufe. Pili, picha inaweza kuwa imeelekezwa kwenye skrini ya nje. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, subiri, kisha mshale wa chini na Enter. Tatu, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huamsha upya upande wa picha bila kupoteza kazi uliyofungua. Nne, zima taa za chumba, mulika skrini kwa tochi ya simu kwa ubavu. Ukiona maandishi hafifu kama kivuli, kioo ni kizima na taa ya nyuma yake ndiyo iliyokufa. Mwisho, unganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Ikionyesha huko, mafaili yako yako salama, yanakili leo hii kabla ya kuongea habari za kubadilisha kioo.

Ikiwa Caps Lock haijibu, au unasikia milio ya bip bip inayorudia, mtuhumiwa wa kwanza ni ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda. Vumbi na unyevu huweka utando kwenye meno yake ya shaba. Chomoa umeme, toa betri, gusa chuma chochote kikubwa ili umeme wa mwilini uishe, toa ramu, sugua meno yake taratibu kwa raba safi ya penseli, futa chembe, irudishe hadi isikike imebana. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Baada ya hapo kama bado, ni mazabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote) au chipu ya picha, na hapo ilete kwa fundi. Usikubali mtu aipashe joto kwa mashine ya hewa moto ili "iamke". Huwaka kwa wiki mbili, kisha hulala moja kwa moja.

Inazima yenyewe ghafla, au inachemka

Januari hadi Machi Moshi ina joto, na vumbi la Njoro na Pasua linaingia kila tundu. Mashine iliyofika joto la karibu nyuzi 100 kwenye prosesa, chipu inayofanya hesabu zote, hujizima ili isiungue. Haikuharibika, imejiokoa.

Chanzo cha kwanza ni mahali inapokaa. Kitandani juu ya blanketi, kwenye kochi, juu ya kitambaa cha meza cha kufuma: matundu ya chini yanazibwa. Iweke kwenye mbao ngumu au sinia, tumia siku mbili, uone kama bado inazima. Wengi wanapona hapa.

Cha pili ni vumbi. Weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa. Kama feni linapiga kelele lakini hewa haitoki, ndani kuna blanketi jingine la vumbi kati ya feni na mapezi ya shaba. Zima, toa betri, pulizia kwa kipuliza cha mkono au brashi laini, ukilizuia feni lisizunguke kwa kijiti cha meno. Feni likizungushwa na upepo mkali linaweza kuharibika. Usiende nayo kwa mjaza matairi. Bomba lile lina nguvu kupita kiasi na hutema maji na mafuta. Nimeona mazabodi nzima ikiharibiwa hivyo na mwenye nia njema kabisa.

Cha tatu, grisi ya joto kati ya prosesa na chuma chake imekauka. Ni kawaida kwa mashine ya miaka minne au mitano. Kubadilisha kunahitaji kuifungua yote, kwa hiyo kama hujawahi, mwachie fundi, na umwombe asafishe feni hapo hapo. Cha nne, feni limekufa: halisikiki kabisa na mashine inazima dakika chache baada ya kuwaka.

Ila kama inazima palepale unapoitikisa au kugusa waya, hiyo si joto. Ni tundu la chaja lililolegea na betri isiyotunza kitu. Na kama ni ya mezani na inazima kila pampu ya maji inapowaka, tazama upande wa umeme, sio kompyuta.

Inanata: inachukua dakika kumi kuwaka, kila kitu kinazunguka

Watu wakisikia mashine ni nzito wanasema "nipigie windo," yaani niwekee Windows upya. Kupiga windo kunasaidia wiki mbili, kisha uzito unarudi, kwa sababu chanzo hakikuguswa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha lenye asilimia za prosesa, ramu na diski. Subiri dakika mbili, soma namba. Zitakuambia ukweli kuliko fundi yeyote.

Diski ikiwa 100% muda mwingi huku prosesa imetulia, una hadi diski ya zamani inayozunguka. Hii ndiyo sababu namba moja kwa mbali. Diski ya namna hiyo husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri, na mafaili madogo madogo huishusha chini kabisa. SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya aina ya kawaida ya SATA hufika karibu 500. Nikiulizwa mtu mwenye pesa kidogo aitumie wapi, nasema hapo, bila kusita. Laptopu ya mwaka 2013 yenye SSD humshangaza mwenyewe. Afadhali hiyo kuliko kununua nyingine ya mtumba yenye diski ileile ya kuzunguka.

Ramu ikiwa juu ya 85% hata hujafungua kitu, nenda kwenye kichupo cha Startup katika dirisha hilohilo, zima programu usizozihitaji zinazojiwasha zenyewe. Ukiwa na GB 4 na unafungua kurasa kumi za mtandao, ongeza hadi 8. Kabla ya kununua ramu soma aina ya iliyopo: aina za DDR3 na DDR4 haziingiliani.

Prosesa ikiwa juu bila sababu, angalia jina la kilicho juu ya orodha. Kinaweza kuwa kirusi, au Windows inajisasisha. Ikiwa ni Windows, iache iwake usiku mmoja imalize.

Sehemu ya diski inayoitwa C ikibaki na nafasi chini ya GB 20, hamisha video. Huo ni mzigo ninaoukuta sana kwenye mashine za wapiga picha za harusi.

Jambo moja kuhusu Windows 10. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Haizimi, inaendelea kufanya kazi, ila viraka vya usalama vya bure vya kawaida vimekoma. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, ramu ya GB 4 na diski ya GB 64 kwa uchache, na pia prosesa isiyo ya zamani sana. Laptopu nyingi za mtumba zilizojaa mjini kwetu hazifiki. Ukiambiwa zinaweza kulazimishwa, ni kweli zinaweza, lakini Microsoft hawaahidi kuzisasisha baadaye. Kwa mashine ya kuandikia, mtandao na barua, mimi huwawekea watu Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, nakaa nao saa moja nikiwaonyesha, na wengi wanabaki nayo.

SIMAMA: uzito ukiandamana na mlio wa tak, tak, tak kutoka kwenye diski, au mafaili yanaanza kutofunguka, zima. Usipige windo. Usiendeshe chkdsk, amri ya kukagua diski; huichosha diski inayokufa na inaweza kumalizia kilichobaki. Kila dakika inayozunguka inakwangua. Mwambie fundi neno moja: "Nataka mafaili kwanza." Kama hana kifaa cha kunakili diski mbovu, aseme, nawe umtafute mwenye nacho. SSD nazo hufa, tena bila kutoa sauti, kwa hiyo usione iko kimya ukadhani iko salama. Vitu usivyoweza kuvipata tena viwe na nakala sehemu mbili nje ya mashine hiyo.

Haishiki chaji

Imeandikwa inachaji lakini asilimia haipandi: mara nyingi ni chaja isiyo yake. Baadhi ya kampuni huweka pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja inayoitambulisha. Ikivunjika au ikikosekana, laptopu inawaka lakini inakataa kuchaji betri na inakwenda polepole kwa makusudi. Angalia kama pini hiyo imepinda.

Betri ikiisha kwa dakika ishirini, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ripoti na kukuonyesha imehifadhiwa wapi. Linganisha uwezo wa awali na uwezo wa sasa. Ukiwa chini ya nusu, betri imezeeka, na hakuna programu ya kuirudishia ujana.

SIMAMA, tena kwa haraka: kibodi au sehemu ya kugusia ikiwa imeinuka, au laptopu haifungi sawasawa, betri imevimba. Usichaji. Usiitoboe "itoe hewa". Usiitupe kwenye shimo la taka la nyuma ya nyumba, kwa sababu kesho mtu atachoma taka hizo na betri ya lithiamu huwaka kwa mlipuko. Iweke mashine nje juu ya saruji, mbali na watoto, kisha mpigie fundi aje au akuelekeze. Ikishika moto, ondoka karibu nayo, moshi wake ni sumu. Zimamoto ni 114.

Saa inarudi nyuma, na tovuti zinakataa kufunguka

Kuna betri ndogo ya mviringo kwenye mazabodi, CR2032 ya 3V, inayotunza saa umeme ukiwa umezimwa. Ikiisha, mashine inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, na tovuti za benki au barua pepe zinakuonya kuwa si salama, kwa sababu tarehe ya vyeti vyao haioani na ya kwako. Watu hudhani wamedukuliwa. Rekebisha tarehe; kwenye orodha ya majira chagua Nairobi, maana Windows haina Dar es Salaam na saa yetu ni ileile. Ikirudi nyuma tena kesho, badilisha kibetri. Kwenye ya mezani ni kazi ya dakika mbili. Kwenye laptopu nyingine kiko chini kabisa na kina waya. Hicho mwachie fundi.

Wi-Fi ipo, intaneti haipo. Au bando linayeyuka

Chukua simu, iunganishe kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Ikiwa nayo haipati, acha kuhangaika na kompyuta. Tazama kwanza kama bando limeisha, kisha zima kifaa cha Wi-Fi, hesabu hadi thelathini, washa. Kikikaa chini nyuma ya kabati kwenye nyumba ya matofali ya saruji, kipandishe karibu na dirisha linaloelekea mnara. Kama jioni kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku ni shida na alfajiri ni safi, mnara umeelemewa, na hakuna utakachorekebisha nyumbani zaidi ya kupakua vitu vizito alfajiri.

Simu ikipata na laptopu isipate: angalia kama hali ya ndegeni imewashwa, kisha sahau mtandao huo na uingize nywila upya. Mtandao wa 5GHz ukikatika ukiwa vyumba viwili mbali, tumia wa 2.4GHz, ni wa polepole lakini hupenya ukuta vizuri zaidi.

Bando kuyeyuka ndiyo kilio kikubwa. Mtu anawasha intaneti ya simu, anaunganisha laptopu, dakika ishirini bando la wiki limekwisha. Windows imeona njia wazi ikapakua masasisho, na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ikapandisha picha zote. Fungua mipangilio, upande wa mtandao, bonyeza jina la Wi-Fi hiyo, washa kilichoandikwa Metered connection. Unaiambia kuwa mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Sitisha OneDrive kwenye alama ya wingu chini kulia. Fanya kwa kila jina la Wi-Fi, maana mpangilio huo haufuati kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Ukiishi nyumba ya wapangaji, badilisha nywila pia. Mara nyingine bando halijayeyuka, lina wanywaji.

Flashi imebaki na njia za mkato tupu

Umetoka kuchapisha kwenye steshenari, umefika nyumbani, mafaili yote yana kishale na hayafunguki. Usiyabonyeze, na usifomati. Mafaili yapo, kirusi kimeyaficha. Kagua flashi kwanza kwa Windows Security iliyomo tayari kwenye mashine. Kisha fungua dirisha la amri; ikiwa flashi yako ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri, fungua flashi, utayaona. Yanakili kwenye kompyuta, kisha ndipo ufomati flashi. Siku nyingine tuma kazi ya kuchapisha kwa barua pepe, flashi ibaki nyumbani.

Imemwagikiwa chai

Zima papo hapo kwa kushikilia kitufe, usisubiri kuhifadhi kazi. Chomoa, toa betri, ifungue na uigeuze kama hema, kibodi ikitazama chini. Usiiwashe "kuangalia tu". Mchele hausaidii, na kikaushia nywele husukuma maji ndani zaidi. Maji matupu yana nafuu. Chai yetu ya maziwa na sukari ikikauka inanata kwenye mazabodi na kula shaba, hata kama mashine itawaka baada ya siku mbili. Hiyo ni ya kufunguliwa na kusafishwa kwa spiriti siku hiyohiyo. SIMAMA, iletwe.

Ukiamua kwenda kwa fundi

Andika kwenye karatasi: ilianza lini, ulikuwa unafanya nini, umejaribu nini. Karatasi hiyo hunipunguzia nusu ya kazi, na hupunguza gharama yako. Piga picha ya namba ya nyuma ya mashine. Kabla ya kuiacha, sema wazi kama kuna mafaili ya kutunzwa, na usimruhusu mtu kupiga windo kabla hajakuuliza. Ukibadilishiwa kitu, dai kile cha zamani mkononi. Na siku ya kuichukua iwashe palepale mezani, fungua lile dirisha la Ctrl, Shift na Esc, usome ukubwa wa ramu na wa diski. Fundi mwaminifu atakusubiri usome mpaka umalize.